Mtoto Anatikisika: Tuanze na Jicho au na Mashine?

Oktoba 2023, makumi ya wasichana wa shule moja ya bweni katika kaunti ya Kakamega, Kenya, walifikishwa hospitalini miguu ikiwa haiwabebi. Video zao wakijikongoja zilienea kwenye simu za watu kabla majibu ya maabara hayajatoka, na maelezo yakaanza kupishana: maambukizi mapya, mapepo, hofu ya mitihani, maigizo. Kilichotokea pale kwa ukubwa hutokea kwa udogo kila siku. Mtoto mmoja anaanza kupinda shingo, kurusha mkono au kutembea kwa ncha za vidole, na mama anapewa majibu manne na watu wanne. Jirani anasema ni jini. Bibi anasema atakua tu. Zahanati inaandika kifafa. Hospitali kubwa inaagiza MRI.

Tusiwalaumu wazazi. Hata miongoni mwa madaktari kuna mvutano wa kweli kuhusu kinachopaswa kutangulia: kumwangalia mtoto kwa makini, kumpima kwa mashine, kumjaribu kwa dawa, au kumpa muda. Kila njia ina watetezi wenye hoja, na kila moja imewahi kuumiza watoto ilipotumika mahali pasipo pake.

Jina la ugonjwa na kitenzi cha mama

Rejista za zahanati zetu zina majina machache kwa mtoto ambaye mwili wake unakwenda ovyo: degedege, kifafa, pepopunda, mtindio wa ubongo. Yote ni majina ya ugonjwa. Hakuna hata moja linaloeleza mwendo wenyewe ulivyo. Ajabu ni kwamba Kiswahili cha nyumbani kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mwendo, na vitenzi hivyo vinakaribiana sana na mgawanyo ambao wataalamu wa mishipa ya fahamu wanautumia.

Mama akisema mtoto anatetemeka, anazungumzia mwendo wa kwenda na kurudi kwa mapigo yanayofanana. Akisema anajinyonganyonga au anapinda, misuli inavutana na kukishikilia kiungo katika mkao usio wa kawaida. Madaktari huuita distonia. Akisema hatulii, mikono inachezacheza yenyewe bila mpango, hiyo ni korea, na hapa sizungumzii nchi ya Asia. Anagutuka: mshtuko wa ghafla, mfupi kama wa umeme. Anapepesuka: miguu ina nguvu ila imepoteza mizani, kama ya mlevi. Amekakamaa: kiungo ni kigumu, na ukikivuta haraka kinazidi kukataa. Kisha kuna tiki: kupepesa macho, kutikisa bega, kusafisha koo mara kwa mara, vitendo ambavyo mtoto anaweza kuvizuia kwa dakika chache huku ndani akisikia msukumo unaopanda mpaka avitoe.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu kila kitenzi kinaelekeza sehemu yake ya ubongo, orodha yake ya sababu na tiba yake. Kinachosikitisha ni kwamba mama anafika na kitenzi sahihi, karani anaandika "degedege", na kuanzia hapo faili linasema degedege.

Sababu zinatoka wapi

Ndani kabisa ya ubongo kuna viini vinavyochuja mienendo: vinaruhusu ule tunaoutaka na kuzuia mingine. Viini hivi vinahitaji oksijeni nyingi, na kwa hiyo mtoto anayechelewa kupumua wakati wa kuzaliwa huumia hapo mapema. Viini hivyohivyo hunyweshwa sumu ya manjano kali ya watoto wachanga isipotibiwa kwa mwanga au kubadilishwa damu. Mtoto akipona, miezi baadaye anaanza kujinyonganyonga, mara nyingi akiwa na tatizo la kusikia na macho yasiyoweza kupanda juu, ilhali akili yake inaweza kuwa nzima. Watoto wa aina hii huitwa wazito kichwani kwa sababu tu midomo haiwatii.

Malaria kali ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na kifua kikuu cha ubongo huacha makovu yanayobadilisha mwendo. Pia kuna magonjwa ya kurithi, ambayo moja moja ni machache lakini kwa pamoja ni mengi. Na kuna sababu mbili zinazopita mbele ya macho yetu kwa urahisi kwa kuwa hazifanani na ugonjwa wa ubongo: koo na jiko.

Ya koo nitairudia. Ya jiko ni konzo. Neno hili ni la Wayaka wa Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Mtoto aliyekuwa mzima anaamka miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Haendelei kuwa mbaya zaidi, ila hapati nafuu ya kutosha pia. Chanzo ni kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukulowekwa au kukaushwa vya kutosha, katika kipindi ambacho hakuna maharage, samaki wala nyama ya kuusaidia mwili kuivunja sumu ya sianidi. Umeripotiwa Kongo, Msumbiji na hapa Tanzania, ukifuata ukame, vita na njaa. Vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 1996 ni vitatu, na vyote vinatimizwa kwa macho, maswali na nyundo ya kupimia goti: mwendo uliokakamaa sawasawa miguu yote miwili, kuanza ndani ya siku zisizofika wiki kwa mtu aliyekuwa mzima bila kuendelea kuzidi, na magoti au vifundo vinavyoruka kupita kiasi pasipo dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakuna mashine itakayouliza muhogo ulilowekwa siku ngapi.

Hoja ya jicho

Wanaotetea jicho na historia wana mfano mzito, nao ni ule wa koo.

Chukua mtoto wa miaka tisa. Miezi mitatu iliyopita aliumwa koo, akapona, familia ikasahau. Sasa kalamu inamponyoka, mwandiko umeharibika, anaangusha vikombe, analia bila sababu. Mwalimu amemwadhibu kwa utundu. Daktari anayejua kuangalia anafanya mambo manne yasiyogharimu hata shilingi. Anamwambia atoe ulimi na aushikilie nje; ulimi unatoka na kurudi kama wa mjusi. Anamwambia ainue mikono juu ya kichwa. Viganja vinageuka vyenyewe kutazama nje. Anamwambia amminye vidole viwili kwa nguvu sawasawa. Anasikia mkono ukibana na kulegea, ukibana na kulegea, kama wa anayekamua ng'ombe. Kisha anamuuliza mama: akilala inakuwaje? Akilala, mama anajibu, anatulia kabisa.

Huo ni ugonjwa aliouandika Thomas Sydenham, tabibu wa Uingereza wa karne ya 17, na leo tunajua unatokana na kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wa koo kisha ikauvamia ubongo. Kinga hiyohiyo huvamia valvu za moyo. Mtikisiko wenyewe mara nyingi huisha ndani ya miezi. Moyo ndio unaobaki na kovu. Mtoto huyu anahitaji kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti hata kama daktari hasikii mlio wowote kwa stetoskopu, na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka. Akiandikiwa kifafa, atapewa dawa ya usingizi, mtikisiko utaisha wenyewe kwa wakati wake, kila mtu ataamini dawa imefanya kazi, na koo la pili litaingia bila mlinzi. Katika nchi ambazo vijana wanapelekwa kufanyiwa upasuaji wa valvu wakiwa bado sekondari, kosa hili si dogo.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi. Mtoto anatapika, anapewa metoklopramidi, na saa chache baadaye shingo inapinda, macho yanakwama juu, ulimi unatoka, mwili unajikunja. Yuko macho na anaogopa. Wanaomzunguka wanaona pepo, na mtaalamu mwenye haraka anaona pepopunda. Swali moja, "amemeza dawa gani tangu jana?", linafungua kila kitu, na sindano ya dawa ya kupinga hali hiyo humwachia mara nyingi ndani ya dakika chache. Haloperidoli na jamii yake hufanya vilevile. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya mwaka 2013 ilikataza metoklopramidi kwa watoto chini ya mwaka mmoja na ikaibana kwa wakubwa zaidi.

Lakini jicho lina udhaifu, na watetezi wake huupunguza. Mtoto hutulia mbele ya koti jeupe. Vipindi vinavyokuja mara mbili kwa wiki havitokei siku ya kliniki. Wataalamu wawili wakitazama mtoto mmoja mwenye miendo iliyochanganyika wanaweza kutoa majina tofauti. Na jicho zuri hupatikana kwa kufundishwa na aliyeona wengi, ilhali madaktari wa mishipa ya fahamu wa watoto katika ukanda wetu ni wachache na wamejikusanya katika miji mikubwa.

Simu ya mkononi imeziba sehemu ya pengo hilo. Video ya nusu dakika iliyopigwa nyumbani, mwili mzima ukionekana, uso ukiwemo, kabla, wakati na baada ya kipindi, mara nyingi inamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Sharti lake ni moja: iende kwa daktari, isiende kwenye kundi la WhatsApp. Watoto wa Kakamega hawakupewa heshima hiyo.

Hoja ya mashine

Wanaotaka vipimo wanaanza na swali gumu: je, kama unachokiona si tatizo la mwendo, bali ni kifafa kilichovaa sura yake?

Mwaka 1841 daktari wa Uingereza, William James West, aliandika kwa jarida la Lancet kuhusu mwanawe mchanga aliyekuwa akiinama kichwa ghafla, tena na tena, kwa mafungu. Wengi wangeona msokoto wa tumbo au mshtuko wa kawaida. Ilikuwa aina ya kifafa ambayo leo ina jina lake, na ambayo kila wiki ya kuchelewa kutibiwa inaula uwezo wa akili wa mtoto. Kipimo cha umeme wa ubongo hapa hakina mbadala. Mahenge, mkoani Morogoro, Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960 na akaona watoto wanaosinzia kichwa, kidevu kikidondoka kifuani tena na tena, hasa wanapoona chakula. Kwa macho ni mwendo tu. Mashine zilipokuja kutumika Tanzania na Uganda zilionyesha kuwa ni kifafa, na uhusiano wake na usubi unaoenezwa na inzi weusi wa mitoni ukaelekeza kinga kwenye dawa ya ivermektini badala ya tambiko.

Hoja hiyo nzito haiihalalishi MRI kwa kila mtoto. Tazama orodha ya magonjwa yanayotibika vizuri zaidi: ule wa Sydenham, distonia ya dawa, distonia inayotii dawa ya levodopa, upungufu wa kibebaji cha sukari kuelekea ubongoni. Katika yote haya picha ya ubongo mara nyingi huwa safi. Familia iliyouza ng'ombe kulipia picha inaambiwa "ubongo hauna tatizo", na inaelewa, kwa haki kabisa, kwamba mtoto hana ugonjwa. Ndipo mapepo yanaporudi kwa nguvu. Kipimo cha umeme nacho kina mtego: watoto wachache wazima huonyesha miiba ya kifafa bila kuwahi kuanguka, na mwenye kifafa anaweza kutoka na mchoro safi. Mashine inajibu swali iliyoulizwa. Isipoulizwa vizuri, jibu lake huongeza ukungu.

Yapo magonjwa, hata hivyo, ambayo jicho peke yake litayapoteza. Ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa mwaka 1912, ni mrundikano wa shaba katika ini na ubongo. Kijana wa sekondari anaanza kudondosha mate, kuzungumza kwa uzito na kushuka darasani. Anahitaji kipimo cha protini inayobeba shaba kwenye damu, mkojo wa saa 24, na daktari wa macho atakayetafuta pete ya kahawia ukingoni mwa konea. Akitibiwa mapema anaokoka, akiachwa anakufa. Gharama ya vipimo hivi kwa kawaida ni chini ya ile ya MRI ambayo wengi huanza nayo.

Kujaribu dawa, na kusubiri

Kuna wanaosema: pale vipimo havipo, dawa iwe kipimo. Hoja yao bora ni distonia iliyoelezwa na Masaya Segawa wa Japani katika miaka ya 1970. Mtoto anaamka akitembea vizuri, jioni miguu imepinda na hawezi kufika dukani. Watoto wa namna hii wameishi miaka kwa jina la mtindio wa ubongo, wengine kwenye viti vya magurudumu, kisha dozi ndogo ya levodopa ikawasimamisha. Kwa mtoto mwenye distonia asiye na historia ya kuumia wakati wa kuzaliwa, nadhani kumnyima jaribio hilo ni kosa. Ila lifanywe kwa nidhamu: video kabla, dozi ya kupandishwa polepole, wiki kadhaa, video baada. Bila hivyo matumaini ya mzazi yatasoma nafuu ambayo haipo, na dawa itaendelea bila ukomo. Kujaribu dawa za kifafa kwa kila mtikisiko hakuna utetezi huo, ingawa ndilo jaribio linalofanyika zaidi.

Bibi anayesema "atakua tu" naye hakosei kila mara. Tiki huanza mara nyingi kati ya miaka minne na sita, hukolea kuelekea miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua ujanani. Mtoto asiyeteseka nazo anahitaji mwalimu aliyeelimishwa kuliko kidonge. Mtoto mchanga anayegutuka usingizini tu na kuacha papo hapo anapoamshwa, hana kifafa wala hahitaji dawa. Subira inageuka hatari pale inapomfikia mtoto anayepoteza alichokuwa nacho: aliyekaa sasa hakai, aliyesema sasa hasemi. Kupoteza uwezo hakuna subira.

Kuhusu waganga na maombi, ninaona kosa katika kuwadharau wanaokwenda huko. Mganga anamsikiliza mama kwa saa nzima. Kliniki humpa dakika tano. Madhara huja mtoto anapochanjwa, kuchomwa au kufungwa, na muda unapopita. Mhudumu wa afya anayeuliza "mmeshampeleka wapi, na alipewa nini?" bila kukunja uso hupata taarifa muhimu, ikiwemo ya dawa za kunywa ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuzitaja.

Vijana, na neno "anaigiza"

Hapa ndipo mkanganyiko unapouma zaidi. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wakafikia 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Wakati wa janga la korona, kliniki za Ujerumani na nchi nyingine zilipokea vijana wengi, hasa wasichana, wenye mienendo ya ghafla iliyofanana na ya watu waliowatazama mtandaoni. Vyanzo vinatofautiana, utaratibu unafanana: ubongo ulio chini ya shinikizo unazalisha mwendo wa kweli bila kidonda na bila nia.

Msimamo wa zamani ulikuwa kuondoa kila kitu kwanza: vipimo vikiwa safi, basi ni "akili yake". Udhaifu wake umethibitishwa na historia. Distonia ya kurithi iliitwa wazimu wa wanawake kwa miongo kwa sababu mgonjwa aliyeshindwa kwenda mbele aliweza kutembea kinyumenyume vizuri. Leo tunajua hiyo ni tabia ya distonia yenyewe. Msimamo mpya unadai dalili za kuthibitisha. Mwambie kijana agonge meza kwa mkono mzima kwa mapigo unayoyabadilisha: mtetemo wa mkono mwingine ukiyafuata mapigo hayo au ukikoma, hiyo ni dalili chanya ya tatizo la utendaji wa ubongo. Mguu uliokataa kusukuma chini ukisukuma vizuri pale mwingine unapoinuliwa, hiyo ni nyingine. Mtoto aonyeshwe dalili hizo, kwa upole, kama ushahidi kwamba njia za mwili wake ni nzima na zinaweza kurudishwa kwa mazoezi. Kumwambia "huna kitu" ni uongo, na kumwambia anaigiza ni ukatili. Bado naafiki tahadhari ya upande wa zamani: kijana mwenye tatizo la utendaji anaweza pia kuwa na kifafa au ugonjwa wa moyo, kwa hiyo mlango wa uchunguzi usifungwe.

Kipi kibebe uzito

Nikiviweka vyote kwenye mizani, jicho na swali vinashinda nafasi ya kwanza. Sipendekezi hilo kwa sababu sisi ni maskini. London na Tokyo pia, kipimo kinachoagizwa bila kujua jina la mwendo hupiga gizani. Mashine ishike nafasi ya pili kwa makundi yaliyotajwa wazi: mtoto mchanga anayeinama kwa mafungu, anayepoteza uwezo, mwenye homa au fahamu iliyopungua, anayetikisika upande mmoja tu, kijana anayeweza kuwa na Wilson. Hao wasisubiri foleni. Jaribio la levodopa liwe haki ya mtoto mwenye distonia isiyo na maelezo. Ngazi tano za uwezo wa kutembea na kukaa zilizochapishwa mwaka 1997 kwa ajili ya mtindio wa ubongo zitumike kupanga viti, mazoezi na shule, maana mtoto ambaye jina la ugonjwa wake halijapatikana bado anahitaji kukaa vizuri leo.

Kinachokosekana kinaweza kuandikwa kwenye fomu ya rufaa ambayo tayari ipo katika kila zahanati, ikiongezewa mistari mitatu: mama anasema mtoto anafanya nini, kwa kitenzi chake mwenyewe; amemeza dawa gani wiki hii; akilala, inakoma au haikomi.